Mkono wa Kwanza

Juzi mjukuu wangu aliniambia inspekta anakuja shuleni kwao. Nikasikia tena harufu ya chaki na ndagala, dagaa wa ziwani, walioanikwa nje ya darasa letu, Uvira, Kongo, nilipokuwa mtoto wakati wa uasi.

"Inspekta akija, inueni mikono," mwalimu alikuwa ametusihi. "Shule itapimwa kwa majibu yenu."

Alasiri moja waliingia wanaume watatu wenye bunduki. Sikuwahi kumwona inspekta, nikadhani ndio hao. Mwalimu alitokwa jasho. Nikadhani anaogopa tutafeli.

"Nani hapa anajua Kifaransa?" mmoja aliuliza.

Mkono wangu ulikuwa wa kwanza. "Siye wote! Mwalimu ndiye alitufundisha!"

Sikujua waasi walikuwa wakiwasaka wasomi. Walimtoa nje, chaki bado mkononi. Nilipiga makofi kwa nguvu zote, na darasa zima likanifuata.