Nilimpeleka mjomba wa mchumba kula Kimeksiko pale Ukunda, tukakaa kungojea wali

Wakuu, salamu zenu popote mlipo. Na nyinyi mnaosoma humu kwa kujificha mkiwa kazini, shikamooni.

Hii si chai. Imenipata mimi mwenyewe, hapa hapa Ukunda, na mashahidi wako hai. Mmoja wao akijua nimeiandika nitalala barazani, kwa hivyo tusaidiane kunyamaza.

Mimi ni mtu wa Msambweni, fundi wa friji na AC. Kazi yanizungusha Diani yote, kuanzia mahoteli ya ufukweni mpaka vibanda vya samaki.

Sasa, kulikuwa na binti aitwaye Mwanakombo, kwao Gazi. Nilimpenda, akanipenda, mama yake akaridhia. Kilichobaki ni mjomba.

Wenzetu wa bara niwaeleze kidogo. Kwetu Wadigo, mjomba, yaani kaka wa mama, ana neno kubwa juu ya mtoto wa dada yake. Baba atasema ndiyo, mama atasema ndiyo, lakini mjomba akikohoa tu, posa imelala.

Na huyu Mjomba Salimu alikuwa amekwisha kukohoa mara mbili.

Yeye na mposaji wa kwanza walikula biriani kwenye sinia moja. Jamaa akapeleka mkono upande wa mzee, akanyakua nyama iliyokuwa mbele ya mzee. Ikawa kwaheri.

Wa pili alikula kwa adabu, ila simu aliiweka pajani akawa anaichungulia kila mara. Mzee akarudi Gazi akasema kijana yule ni mkavu, naye mtoto wake hampi mtu mkavu.

Zamu yangu ikafika. Mjomba akatuma neno kwamba atakuja Ukunda Alhamisi baada ya adhuhuri, nitafute pahali patulivu tule, tuzungumze.

Wakuu, wiki ile sikupata usingizi wa maana. Nilijua sendi kula, naenda kupimwa. Nikimkosa Mwanakombo kwa sababu ya mkono wangu kwenye sinia, ningeuangalia vipi mkono huo tena?

Ndipo nikajiona mjanja. Nikasema, kama watu wanafelishwa na sinia, basi nimpeleke pahali pasipo na sinia. Kila mtu na sahani yake, nani atachukua nyama ya nani?

Na pahali hapo nilipajua. Nyuma ya duka moja la vifaa vya ujenzi kuna kijihoteli cha Kimeksiko. Usidhani ni vile vya barabara ya ufukweni vyenye taa za rangi. Hiki ni chumba kimoja, meza za plastiki, paa la bati, pazia la shanga mlangoni. Ukipita haraka utadhani ni pa kukarabati redio.

Mwenye nacho ni mama wa Kimeksiko aliyeolewa Mkongani. Twamwita Mama Lupe kwa jina la bintiye. Kiswahili chake amefunzwa na mama mkwe, kwa hivyo ni cha Mkongani kabisa, na akikusema unasemeka. Mimi nilimfahamu kwa sababu friza yake ilikufa nikaifufua.

Chakula chake ni vichapati vidogo vya mahindi, vya kiasi cha kiganja, juu yake nyama au samaki, kitunguu na giligilani. Unakunja, unakula. Jina lake halisi, "taco", sikuthubutu kulitamka mbele ya mkwe. Nyinyi Kiswahili mnakijua, hamhitaji kuelezwa. Nilimwambia mzee tunakwenda kula "chapati za mahindi" nikaishia hapo.

Alhamisi ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Mzee akaja na kanzu imepigwa pasi, kofia safi ya viua. Nikampa shikamoo yake, akaitikia, akanitazama viatu.

Swali la kwanza kwa Mama Lupe lilikuwa la nyama. Mama Lupe akamwambia buchari yake ni ile ile ya jirani, na mumewe ni imamu msaidizi, asingethubutu. Mzee akatabasamu. Nikasema moyoni mambo yananyooka.

Vichapati vikaja, sahani kwa sahani, vikifuka moshi, pamoja na kibakuli cha sosi ya rangi ya machungwa. Tulikuwa tumeshanawa mikono. Mzee akakunja mikono yake mapajani, akakaa.

Nami nikakaa.

Sasa sikilizeni ujinga wenyewe. Mimi siwezi kuanza kula kabla ya mzee. Nitakuwa mtu wa aina gani? Kwa hivyo namngojea yeye aseme Bismillahi.

Yeye naye ametulia tuli. Ananiuliza habari za Msambweni, namjibu. Ananiuliza mnazi wa baba yangu ule ulioanguka, namjibu. Moshi wa vichapati ukapungua, ukaisha. Harufu ya nyama ilikuwa yaniita kwa jina langu na la babu yangu.

Nikaanza kuogopa. Labda hapendi. Labda amehisi kitu. Labda ndiyo amekohoa ndani kwa ndani.

Mama Lupe alikuwa akituchungulia dirishani kwake. Mwisho akashindwa, akatoka na mwiko mkononi, akauliza kama chakula kina kasoro.

Mzee akamjibu kwa upole kabisa, "La mama, ni kizuri. Twangojea wali."

Wallahi nilitamani sakafu inimeze. Kumbe mzee wa watu alidhani vile ni vitafunio vya kuchangamsha kinywa, na adabu yake haikumruhusu kuuliza chakula chenyewe kiko wapi. Mgeni hadai. Nami adabu yangu haikuniruhusu kumuuliza kwa nini hali. Tungekaa pale mpaka magharibi.

Mama Lupe akanitazama mimi. Mimi nikatazama bati. Akamwambia, "Baba, wali hauji. Hicho ndicho chakula."

Mzee aliona haya, nikamwona. Na mtu mzima akiona haya huwa anatafuta pa kujikomboa haraka. Akavuta kile kibakuli cha sosi. Rangi yake ni kama chatini ya embe tunayolia bajia, na nadhani hicho ndicho alichodhania. Akachota kijiko kikubwa akamwaga.

Mama Lupe akasema hiyo ni ya kidogo tu baba, ni pilipili. Mzee akamwambia yeye ni mtu wa Gazi, pilipili ameanza kula kabla ya meno.

Kisha akanisogezea mimi kibakuli.

Niambieni, nyinyi mngefanya nini? Sosi ile nilikuwa nikiijua. Siku ya friza niliigusa kwa ncha ya ulimi nikaisahau kazi iliyonileta. Lakini nikipaka kidogo, nimemwambia mkwe kwamba amekosea. Nikachota kijiko kikubwa kama chake. Nikamwaga.

Bismillahi.

Mara ya kwanza hakuna kitu. Ladha tamu, ya matunda. Mzee akanitikisia kichwa kama asemaye, mliogopa nini.

Halafu ikaingia.

Sitaeleza sana, kuna watu wanakula muda huu. Nilihisi masikio yangu yanapika. Mzee akavua kofia, akajifuta kipaji, akaivaa, akaivua tena. Maji yalikuwa mezani na hakuna hata mmoja aliyeyagusa, maana yeye hawezi kukiri, na mimi siwezi kunywa kabla yake. Tukatafuna. Machozi yakaanza kwangu. Nikamtupia jicho, na yeye yamemjaa, yanashuka mpaka kwenye ndevu.

"Hapa pana vumbi," mzee akasema.

Nikamwambia ndiyo mzee, vumbi ni jingi. Na mvua bado ilikuwa yapiga bati.

Mama Lupe ndiye aliyetuokoa. Alileta maziwa lala glasi mbili akaziweka na kuondoka. Mzee akanywa yake yote kwa pumzi moja. Nikanywa yangu. Tukatulia, tukajifuta nyuso, kila mtu akijifanya hamwoni mwenziwe.

Hapo ndipo akaniuliza swali lililomleta. "Mafundi wako wengi, na Mwanakombo anapendwa na wengi. Wewe wamtakia nini?"

Nilikuwa na jibu. Nililifanyia mazoezi wiki nzima, lina Mwenyezi Mungu ndani yake, lina nusu ya dini. Lote lilikuwa limeungua.

Nikajikuta namweleza kitu ambacho sikuwa nimekipanga. Baba yangu alipolazwa, mimi nilikuwa kazini mchana kutwa. Kila asubuhi kuna mtu alikuwa akimletea uji wa moto, anamngoja amalize, anaosha kikombe, anaondoka. Nilijua siku baba aliyotoka, aliponiuliza yule binti wa uji ni wa nani. Mwanakombo hajawahi kunitajia hata siku moja. Mpaka leo hajanitajia.

Nikashindwa kuendelea. Macho yakajaa tena.

Mzee akanitazama, akatazama kile kibakuli, akanitazama tena. Akachukua kichapati kingine, safari hii bila sosi, akala.

Nilirudi nyumbani nikijua nimepoteza.

Siku wazee wangu walipokwenda Gazi kwa posa rasmi, Mjomba Salimu akasimama mbele ya watu. Akasema wa kwanza alikula upande usio wake, wa pili alikula na simu. "Huyu nilimuuliza amtakia nini mtoto wetu, akalia. Nimemwona kwa macho yangu."

Vigelegele vikapigwa mpaka kuku wakakimbia. Mimi nikatazama mkeka. Nilipoinua macho, mjomba alikuwa akinitazama kwa ukali wa mtu asiyetaka kusikia neno "pilipili" katika maisha yake. Nikalimeza.

Tukaoana. Wakuu, sifa ile ilinitesa! Kina mama wa Gazi wakiniona wananiita Bwana Machozi. Mke wangu naye akitaka kitu ananiambia kwa sauti ya asali, "Wewe si ndiye uliyenililia?" Na mimi natoa.

Tatizo likaja juzi. Mke wangu kanisihi nimpeleke pale nilipomlilia, apaone. Nimekwepa nimekwepa, nikaishiwa visingizio.

Tunaingia tu, Mama Lupe anacheka mlangoni, "Leo hamngojei wali?" Nikajua yangu yamekwisha.

Vichapati vikaja. Kibakuli kikaja. Nikamwambia mke wangu ile usiile, ni kali. Na nyinyi mnawajua wake zetu. Akachota.

Nikamtazama inavyoingia. Akafumba macho. Machozi yakatoka, mawili, manne, yakawa mfereji. Akafumbua. Akatazama kibakuli. Akanitazama mimi. Akatazama kibakuli.

"Mlikaa meza gani, wewe na mjomba?" akauliza.

Nikamwita Mama Lupe alete maziwa lala. Mke wangu akanywa taratibu, akamaliza, akaweka glasi chini. Alikuwa akicheka, lakini uchekaji wake haukunipendeza, ulikuwa na kitu ndani.

Akaniuliza, "Hata tone moja halikuwa langu?"

Nikamwambia ya kwanza yote yalikuwa ya pilipili, ya kwangu na ya mjomba wake. Ya mwisho yalikuwa ya uji. Nikamweleza uji gani.

Machozi yakaanza kumtoka tena, na maziwa alikuwa amekwisha kuyanywa.

Basi, nililojifunza ni hili: ukimpeleka mkwe kula kitu kigeni, mwambie mapema kwamba wali hauji. Mengine yatajipanga yenyewe.

Nanyi mliooa na mlioolewa, hebu tiririkeni. Wakwe zenu waliwapima kwa chakula gani, na nani alijichafua? Mimi nasoma zote, ila mkikutana na Mjomba Salimu kule Gazi, siku ile palikuwa na vumbi.