Kichwa cha Gadiel

Mume wangu Gadiel hatulii. Ukimpa kiti anakaa nusu kalio, ukimpa chai anaizungusha kikombeni mpaka inapoa, halafu anatoka kwenda kuangalia masale. Masale ndiyo mimea tunayopanda huku Upareni kuonyesha mpaka, na kung'oa sale la mwenzio si jambo la mchezo. Sasa kaka yake, shemeji yangu Elinaza, kayang'oa ya kwetu akayasogeza hadi ndani ya migomba yetu. Mwenyewe anasema hakugusa kitu, ni mvua iliyoporomosha kingo. Mvua gani hiyo inayopanda masale kwa mstari? Ngoja ninyamaze, nisije nikapandisha hasira kabla sijafika mbali.

Watani wetu husema Mpare atauza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Waache waseme. Gadiel alifungua shauri baraza la ardhi kule Same mjini, na jioni ile aliporudi ndipo kichwa kilipoanza. Kilimbana paji la uso mpaka kisogoni, kama kamba ya mzigo wa kuni. Akameza vidonge vya maumivu kutoka duka la Habibu, kikatulia. Kesho yake kikarudi, akameza tena. Haukupita muda akawa anameza asubuhi kabla hata hakijaanza, eti anakiwahi. Kabla ya mswaki, vidonge. Kabla ya kusali, vidonge.

Majirani nao hawakukosa la kusema. Mmoja alisema ni kipandauso, afungwe majani ya mvumbasha kichwani. Mwingine alisema malaria. Wa tatu alisema Elinaza kamroga, na huyo ndiye niliyempenda zaidi, sitaki kudanganya. Tulifunga majani. Gadiel akazunguka nayo kijiji kizima kama bwana harusi, kichwa kikauma vilevile.

Nikachoka. Nikamkokota mpaka zahanati kwa Daktari Careen, binti wa Ugweno, mtu asiye na haraka. Alimpima malaria, hakuna. Akampima presha, ilikuwa nzuri. Akammulika machoni, akamwambia anyooshe mikono mbele, kisha atabasamu. Kumfanya Gadiel atabasamu ndiyo ilikuwa kazi.

"Kinapiga upande mmoja?" daktari aliuliza. "Mwanga unakuudhi, unasikia kutapika?"

"Hapana. Kinabana kote."

"Basi si kipandauso. Mwenye kipandauso hujifungia gizani, humeza dawa mapema kinapoanza, na kikimzidia kumrudia tunampa dawa za kukizuia. Chako kilianza kama kile cha kubana, cha mawazo na shingo iliyokaza. Hicho hutulizwa kwa kulala vizuri, kula kwa wakati, na kukanda shingo kwa maji ya moto. Vidonge unameza mara ngapi?"

Gadiel akaniangalia mimi.

"Kila siku," nikamjibia, maana angesema mara mojamoja.

"Sasa ni vidonge vyenyewe vinavyokirudisha, baba. Mwili umevizoea. Nguvu yake ikiisha, kichwa kinadai vingine." Akamwambia aviache kabisa. Akamwonya kwamba siku za mwanzo kitauma zaidi, pengine atatapika, kisha kitaanza kulegea. Lakini kikimjia ghafla kwa nguvu asiyowahi kuiona, au kikija na homa na shingo ngumu, au mkono ukilegea, asingoje kesho. Halafu akauliza: "Nyumbani kuna jambo gani linalokukosesha usingizi?"

"Kesi."

"Basi na kesi nayo uiache."

Gadiel alivaa kofia yake. "Vidonge nitaacha," alisema, tukaondoka.

Na kweli aliacha. Lo, nyumba ilikuwa haikaliki. Alibomoa banda la kuku akalijenga upya, akalibomoa tena. Akafokea mbuzi, akafokea redio, akanifokea mimi, nami nikamrudishia kwa sababu sikuumbwa kunyamaza. Nilimkanda shingo jioni, asubuhi nikamkuta uani anazunguka, jasho linamtiririka, amejishika kichwa kwa mikono miwili. Nilimwonea huruma mpaka nikatamani kumpelekea kidonge kimoja tu. Sikumpelekea.

Siku ya shauri ikamkuta katika hali hiyo hiyo. Alivaa shati, akafika mlangoni, akatapika. Asipotokea mtu shauri linafutwa, na masale yanabaki yalipo milele. "Lala," nikamwambia. "Nitakwenda mimi."

Nilishuka Same na hasira zangu zote. Elinaza alikuwa kwenye benchi la baraza, amevaa koti la kanisani. Nikamwamkia kwa kuwa ni mkubwa, si kwa kupenda.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba." Akatazama nyuma yangu, mlangoni.

Shauri likaitwa. Mwenyekiti akauliza mdai yuko wapi, nikamwambia anaumwa, hawezi kusimama.

"Anaumwa nini?" Aliyeuliza ni Elinaza, bila kuruhusiwa.

"Kichwa."

"Tangu lini?"

"Tangu kesi ianze. Sasa kimezidi, anatapika."

Elinaza akasimama, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Mheshimiwa, baba yetu alianza na kichwa hivyo hivyo, kumbe ni presha. Akawa anajifunga kitambaa, anasema kitapita. Tulimkuta ameanguka kwenye kahawa, mimi na Gadiel, mkono umelegea na kauli hana. Mpe mdogo wangu shamba lake. Andika sasa hivi. Sitamzika mdogo wangu kwa ajili ya masale."

Karani akashika kalamu. Ningenyamaza tu pale, shamba lilikuwa letu, na kunyamaza hakuna sheria inayokukataza. Migomba yangu niliiona mbele ya macho yangu. Lakini yule mzee alikuwa anaishika kofia yake, anaiweka, anaishika tena, na mimi nilijua presha ya Gadiel ni nzuri. Nikajichukia kwa kulijua.

"Shemeji, si kama baba," nikasema. "Amepimwa, presha haina neno. Daktari kasema ni mawazo ya kesi, na vidonge alivyozidisha Gadiel mwenyewe. Kaambiwa aache vidonge na aache kesi."

"Ameacha?"

"Vidonge ameacha."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Elinaza hakucheka. Alijifuta uso kwa kiganja.

"Kwa hiyo kinachomuuma ni mimi."

Nilikuwa nimeyabeba matusi kutoka nyumbani, nimeyapanga njia nzima. Hata moja halikutoka. "Ndiyo, shemeji," nikasema.

Akachukua kofia yake, akanishika mkono, tukaanza kuelekea mlangoni.

"Mnakwenda wapi?" mwenyekiti akauliza. "Shauri bado liko mezani."

"Libaki hapo hapo, mheshimiwa," Elinaza alijibu bila kugeuka. "Sisi tuna mgonjwa nyumbani."