Nilimjibu mama wa watu swali la season ya Kikorea, akapanda gari la Kidahwe

Wakuu, salaam kutoka Ujiji.

Hili limenikuta mimi mwenyewe, siyo "rafiki yangu mmoja" kama mlivyozoea humu. Sijatia chumvi. Mahali nitakapoonekana mjinga, jueni ndivyo nilivyokuwa.

Nina kibanda cha muvi na nyimbo. Unaleta flash au simu, nakuingizia unachotaka.

Ila kilichonipa jina ni maswali. Kila Jumamosi kuanzia saa kumi jioni watu wanajaa pale nje wananiuliza. Nani aliimba hiki, yule dada wa kwenye muvi ya vita alikufa au alizimia, tamthilia fulani iliishia wapi. Mtu ananipigia mluzi wa gitaa la rumba la zamani, namtajia bendi na mpiga solo. Wananiita Profesa, na siwafichi, nilikuwa nalipenda hilo jina.

Sasa kuna mama mmoja wa Bangwe, tumwite Mama Furaha. Anaanika dagaa. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo zamani hizo. Ni mteja wangu wa season za Kikorea zilizotafsiriwa. Hawa madj wetu wa kutafsiri mnawajua, mtu mmoja anaongea muvi nzima, yeye ndiye babu, yeye ndiye mtoto, mpaka mbwa kampa maneno.

Jumanne moja akaja asubuhi, wala sio siku ya maswali. Akaniuliza kuhusu season moja ya mama na binti yake. Binti alitoroka na mwanaume, mama akaapa hamtaki tena. Episode ya mwisho ilikuwa imegoma kufunguka kwake. Alitaka kujua kitu kimoja tu, yule mama alimsamehe mwanae au hakumsamehe.

Nikamjibu bila kufikiri. Alimsamehe. Binti alikuja mlangoni, mama akalia sana, akamwambia karibu nyumbani, kisha akaingia ndani kumpikia.

Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia Mama, mimi hizi ndiyo kazi yangu. Akashukuru, akaondoka.

Nisichokijua (nilikuja kuambiwa na jirani yake Alhamisi) ni kwamba binti yake mwenyewe, Furaha, alitoroka na kijana wa Kidahwe miaka miwili nyuma. Bila posa, bila kuaga. Mama akaapa mbele ya ukoo mzima kwamba hatakanyaga kwake wala hataki kumuona. Furaha akajifungua, bibi hajamuona mjukuu. Na ile Jumanne, alipotoka kibandani kwangu, alienda moja kwa moja kupanda gari la Kidahwe, na huko wakapatana.

Nilivimba kichwa, wakuu. Profesa kapatanisha familia.

Jumamosi ikafika. Kuna dada anasoma chuo Dodoma, yuko likizo. Akaniuliza mwisho wa season ile ile, mbele ya watu. Nikajibu kwa mbwembwe zote.

Yule dada alicheka mpaka akakaa chini. Akasema yeye kaiangalia original yenye subtitle za Kiingereza, na yule mama hakusamehe kitu. Alimwambia binti yake "mimi nilishakuzika", akamfungia mlango, ikaisha. Watu wakaanza kuguna.

Nikamwambia ailete. Akaileta kwenye simu. Picha zile zile, machozi yale yale, mlango ule ule, na chini pameandikwa usirudi tena hapa. Nikafungua na ya kwangu. Mlango unafungwa, dj anasema mama anaingia kukoroga uji wa mgeni.

Uji, wakuu. Hakuna sufuria wala jiko kwenye ile scene. Nimeiangalia mwanzo mwisho na sikuwahi kujiuliza huo uji umetoka wapi.

Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Mtu kavunja kiapo chake kwa jibu langu. Akija kugundua, si atajiona kadanganywa? Si atamkana binti upya, na mtoto mgongoni? Nikasema ninyamaze. Halafu nikawaza, akiambiwa na mtu mwingine itakuwaje? Jumapili nikafunga kibanda, nikaenda Bangwe.

Nilimkuta anageuza dagaa kwenye kichanja. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanionyesha pa kukaa. Nikasema kabla woga haujanirudisha.

"Mama, lile jibu nililokupa sio sahihi. Yule mama hakumsamehe mwanae."

Akaendelea kugeuza dagaa. Baadaye akauliza nani kasema. Nikamweleza habari za dada wa chuo na yale maandishi ya Kiingereza.

"Na huyo aliyeandika, weye unajuaje kama hakukosea?"

Kikorea sijui. Dj sina hakika kama anakijua. Aliyeandika Kiingereza simfahamu, na dada wa chuo naye Kikorea hajui. Wote tulikuwa tumekaa tunabishana kuhusu mwanamke ambaye hakuna aliyemwelewa alichosema.

Nikamuuliza, kama angejua mapema, angeenda Kidahwe? Akasema hajui. Akasema wiki tatu mfululizo alikuwa anafunga migebuka, wale samaki wetu wa ziwani, ya kumpelekea Furaha, na kila mara inaishia kuliwa pale pale nyumbani. Miguu ilikuwa haitoki.

Mara Furaha akatoka ndani na mtoto mgongoni. Wala sikujua kama yupo. Akanisalimia, akasema kumbe ndiye wewe Profesa. Halafu akaniuliza.

"Kaka, mama anasema yule mama wa kwenye season alimsamehe binti yake. Ni kweli, au ananifariji tu?"

Mama yake akaacha kugeuza dagaa. Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia mikono yake.

"Ni kweli, dada," nikasema. "Alimsamehe."

Furaha akakaa chini karibu na mama yake, akaanza kumsaidia. Nikaaga.

Mpaka leo sielewi kama nilidanganya au nilisema kweli, na kichwa bado hakijatulia. Nilichojifunza ni hiki: mtu anaweza kukuuliza habari za muvi na wala sio muvi anayoiuliza. Siku hizi, kabla sijajibu, namwangalia usoni kwanza. Jumamosi wananicheka, wanasema Profesa kapunguza spidi. Wacha wacheke.

Haya, uwanja ni wenu. Wewe ungekuwa umekaa pale, Furaha kakukazia macho na mama yake kainama, ungejibu nini?

Nilitaka pia kuomba, kama kuna mtu humu anajua Kikorea, nimtumie kile kipande cha mlangoni anitafsirie. Nimefikiria tena. Kama unakijua, baki nacho.