Niuzie Wapi Saa za Wateja wa Baba?

Admin, jina langu libaki kwako tu, maana Tunduma tunajuana, na baba yangu anajulikana kuliko mimi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, nimeachika, nauza mitumba ya watoto na naishi na baba yangu mzazi. Mama alishatangulia. Kaka yangu yuko Kyela, yeye ni mtu wa kupiga simu na kutoa maagizo.

Baba ni fundi saa. Ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mji ukachangamka, kibanda chake karibu na mpaka kilikuwa hakikauki watu. Wakulima wa Mbozi wakiuza kahawa walinunua saa za mkono, wastaafu wa migodi ya Zambia walivuka na zao nzito za kujaza kwa kuzungusha kitufe, na zote zikiharibika zilikuja kwa baba. Baadaye zikaingia saa za betri za bei ya karanga, halafu simu, na watu wakaacha kurudi kuchukua walizoacha kwa fundi. Baba hakuziona kuwa zake hata siku moja. Alizitengeneza zote, akazihifadhi kwenye kopo kubwa la biskuti, na kila siku asubuhi anazipanga mezani na kuzijaza moja moja zisigande. Za wateja wa Nakonde anaziweka nyuma kwa saa moja, kwa sababu ng'ambo kule wako nyuma yetu. Nikimtania kwamba wenyewe wameshasahau hata kama wana mikono, ananijibu, "Saa ya mtu ni ya mtu, mwanangu. Akija aikute inatembea, tena kwa majira ya kwao."

Sasa baba anaumwa. Ana uvimbe tumboni, amekonda mpaka shati linamning'inia. Daktari alisema tumpeleke Dar haraka, kwamba bado anaweza kupona, ila tukichelewa hakutakuwa na la kufanya. Nimeuza cherehani, nimeuza kitanda changu. Shamba letu la kijijini Ruanda tuliliuza mama alipougua. Kitu chenye thamani kilichobaki ndani ni lile kopo.

Nikapiga picha zile saa nikaziweka kwenye kundi moja humu humu Facebook. Akanipigia mwanaume wa Dar anayekusanya saa za zamani. "Dada, hizo za kujaza siku hizi zinatafutwa sana," akasema. "Nachukua zote, usimuuzie mtu mwingine. Nakuja mwenyewe Jumamosi." Bei aliyotaja inatosha kumpeleka baba Dar na kumweka huko mpaka apone. Nililia kwa furaha, kisha nikaenda kumwambia baba.

Alinitazama kama mtu aliyekuta mgeni chumbani kwake. Akasema kwa upole, na ule upole ndio ulioniumiza, "Zikienda Dar zimepotea. Kama lazima ziuzwe, uzia hapa hapa. Mwenye saa akiiona mkononi mwa mtu atasema hii ni yangu, nasi tutajua la kumwambia. Ukizipeleka mbali, mimi nitakuwa nimeiba." Kisha akavua ya mkononi mwake, ndogo, mkanda umeshonwa kwa uzi wa viatu, akanipa. "Yangu ni hii tu. Hii uza popote." Ndugu zangu, nimezunguka nayo, hakuna anayeitaka hata bure.

Nikamtii. Nikazijaza saa kama afanyavyo yeye, nikazipanga juu ya kitenge pembeni ya mitumba yangu, kwenye gulio la pale Mpemba, nje kidogo ya mji. Vijana wakazishika, wakacheka, wakaniuliza kama zinapiga picha. Hakuna aliyenunua. Ila alisimama mama mmoja mtu mzima kutoka Nakonde, akanisalimia kwa Kibemba chao, "Mulishani, bamayo," yaani habari, mama, nikaitika. Akaokota moja, akaigeuza mgongo, akakaa pale pale vumbini. Ilikuwa ya marehemu mume wake. Aliitazama inavyotembea kwa majira ya kwao, akalia. Ningemuuziaje? Nilimpa, akanishika mikono miwili, akaondoka nayo.

Nilipomsimulia baba, aliinuka mwenyewe akaketi kitandani. Akaomba ugali, akala. Akauliza yule mama ana hali gani, wajukuu anao, bado anatembea vizuri? Sijamwona na furaha ile tangu mama afariki.

Tangu hapo kila nikirudi ananiuliza, "Leo amekuja nani?" Hakuna anayekuja. Jana maumivu yalimzidi, akawa anauma shuka ili nisimsikie, nikashindwa kuvumilia, nikamdanganya kwamba amekuja mzee mmoja wa Vwawa akachukua yake. Baba akatabasamu. "Yule mrefu aliyekuwa anafundisha kwaya? Ukimwona tena mwambie anisamehe, nilimchelewesha." Nilitoka nje nikalia mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.

Kaka anasema kwenye simu, "Uza, usimuulize. Mzee anaumwa, hajui anachokisema." Kaka, baba anajua sana anachokisema.

Uongo ule ndio umenitia majaribuni. Naweza kumpa yule wa Dar saa zote, nikamwambia baba wenyewe wamekuja mmoja mmoja, na kwamba nauli na matibabu ametoa kaka. Ataniamini, hajawahi kunishuku. Lakini akipona ataniuliza habari za kila mmoja, na siku akijua kwamba nimemfanya mwizi uzeeni, atakuwa hai na hatataka kuniona. Nikimtii, atakufa ananiamini, nami nitaishi nikijua kwamba dawa yake nilikuwa nayo ndani ya kopo.

Jumamosi imekaribia na yule mtu ameshakata tiketi ya basi. Mliowahi kuuguza mzazi, nishaurini, niziuzie wapi? Na ninyi mnaosoma hapa, ambao huenda saa ya baba yenu imo humu kwenye kopo, niambieni ukweli, mtanisamehe? Nifanye nini?