Mkuki Uliosifu Mpunga

Lori la pamba kutoka Luberizi lilituletea habari nzito hapa Uvira: fundi wa ngoma ya mikuki amefariki. Nimeumia, wasomaji wangu. Yule mkulima mnene, mwenye kucheka kuliko kula, ndiye aliyenifundisha kuheshimu ngoma nisiyoielewa. Wazazi wake walivuka mto Ruzizi kutafuta ardhi, wakaja na majembe, ng'ombe wachache na ngoma hiyo. Yeye aliwafundisha vijana wakiwa ndani ya tope la mpunga. Mguu uliozoea tope, alisema, ukifika pakavu unaruka wenyewe. Nami nilijaribu, mtu wa ziwani na kiburi changu, nikaacha kiatu humo. Alicheka mpaka akakaa chini.

Ngoma hiyo ina sharti: kabla ya kuruka, mchezaji huinua mkuki na kutaja tendo lake mwenyewe la kishujaa. Uongo ni mwiko. Sasa vijana waliozaliwa Luberizi wangetaja nini? Hawakupigana vita wala kuua simba. Kwenye sherehe ya mavuno mzee mmoja, mkubwa wa wale waliohama, akawazuia. "Weye uliua nini? Weka mukuki chini. Ngoma yetu itakufa na sisi, basi." Vijana wakainamisha vichwa, nami nikadhani yamekwisha. Ndipo fundi akaingia uwanjani, akainua mkuki wake. "Minye nilichimba mufereji, maji ikaingia mu mashamba ya bantu bote! Minye nilifukuza kiboko mu mupunga na sufuria ya bibi yangu!" Watu wakaangua kicheko. "Iko uongo, muzee?" fundi akauliza. Mzee akatafuna midomo. "Haiko uongo. Lakini haiko vita." "Njaa pia iko vita, baba." Vijana wakacheza, mzee akaenda zake bila kugusa pombe.

Tunapenda kusema mwacha mila ni mtumwa. Sawa. Lakini mila isiyompa kijana nafasi ya kusema ukweli wake, nani atairithi? Nilikwenda mazishini. Padri alipomaliza sala, vijana walicheza kando ya kaburi, huyu akitaja mfereji, mwingine jinsi alivyomwokoa ng'ombe mtoni. Kisha yule mzee akasimama, akaomba mkuki. Tulitazamia ataje vita vya ng'ambo ya mto, kama kawaida yake. Akauinua. "Minye nilifika hapa na jembe," akasema. "Nililima. Batoto yangu balikula, balishiba." Akaruka, vibaya, kwa magoti ya uzee, nasi tukapiga vigelegele msibani bila haya. Kwao mtu, nimejifunza, ni pale penye tendo lake analoweza kulitaja mbele ya watu wasimkanushe.