Kichwa cha Sangara Langoni

Tangu kiwanda cha minofu kilipofunguliwa pale Igogo, kando ya ziwa, kila sangara alipita kwanza mikononi mwa Ndalahwa. Vipimo vyake vilikuwa vidole na sufuria. Aliyeleta mzigo alipikiwa kichwa cha samaki wake mwenyewe, akala mbele ya watu, ndipo lango likafunguliwa. Alijifunza hayo mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inakotua, kwa wazee waliojua kwamba mtu hulidanganya tumbo la mwenzake, si lake.

Mwaka 1999 ikavuma kwamba kuna wanaovua kwa sumu. Ulaya wakafunga soko. Serikali ikaagiza barafu, masanduku safi, na karatasi yenye mhuri kutoka kila mwalo. Amri njema. Lakini meneja akaitupa sufuria.

“Mzee, sasa kuna karatasi.”

Wiki ya kwanza ya soko kufunguliwa tena, Otuoma, mchuuzi wa kutoka Mara, akaleta gari zima.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

Barafu tele, mhuri mbichi. Ndalahwa akapitisha kidole kwenye mashavu ya samaki. Hakuna mkato wa nyavu. Akapanua mdomo. Hakuna tundu la ndoana. Wa pili vivyo hivyo. Wa kumi vivyo hivyo. Samaki wa sumu huokotwa akielea, hana alama.

“Otuoma, hawa walipanda mtumbwi kwa miguu yao?”

Otuoma akacheka, macho yake barabarani. “Mzee, umezeeka. Soma mhuri.”

“Nikupikie kichwa?”

“Nimeshiba.”

Meneja akatokea. “Karatasi ipo?”

“Ipo, lakini samaki hawa...”

“Mashine zimelala miezi. Ukikataa mzigo wenye mhuri, kesho usije. Wala binti yako.”

Binti yake, Modesta, alikuwa mkata minofu, naye alilea watoto watatu peke yake. Ndalahwa akashika kalamu. Akaandika jina lake, lango likafunguliwa.

Jioni wanawake wakatoka na ndoo za mapanki, ile mifupa na vichwa vinavyobaki minofu ikishakwenda kwa Wazungu. Modesta alikuwa mbele, anatabasamu.

“Baba, leo watoto watakula!”

“Mwaga.”

“Baba?”

“Mwaga, nakwambia!”

Wanawake wakasimama. Modesta akaikumbatia ndoo. “Kwani si wewe uliyewapokea samaki hawa?”

Ndalahwa akawatazama wanawake, ndoo ishirini na zaidi. Kisha akakaa chini, akaivuta ndoo ya bintiye, akatoa kichwa kimoja.

“Kawasheni moto,” akasema. “Asiondoke mtu. Nitakula mimi kwanza.”