Karibu Tanzania, Bernadina

Bernadina alivuka mpaka wa magharibi akiwa na miaka miwili, mgongoni kwa mama yake aliyekuwa anakimbia vita. Safari iliwafikisha kijiji cha Maretadu, wakapewa kipande cha shamba, wakalima mahindi na maharage kama majirani. Akakua, akaolewa, akafiwa na mume, akawa mkunga. Nusu ya kijiji ilipokelewa na mikono yake. Kwa miaka hamsini hakuna aliyegundua kwamba huyu ni mgeni, mpaka alipokwenda kuomba kitambulisho cha taifa.

"Mama, ulizaliwa wapi?" karani akauliza.

Bernadina, ambaye hakuwahi kujifunza faida za uongo, akasema kweli. Kalamu ikasimama.

Akaambiwa aombe uraia wa tajnisi, ule wanaopewa wageni. Jambo dogo tu: fomu, picha, wadhamini. Mtendaji wa kijiji, Hhando, akaandika kwamba anamfahamu mwombaji. Na angeachaje? Bernadina ndiye mtu wa kwanza aliyemwona duniani, tena alimkaribisha kwa kofi la makalio ili alie.

Kisha afisa kijana wa uhamiaji akampima Kiswahili.

"Taja mlima mmoja wa mkoa huu."

"Hanang."

"Safi sana, mama!"

Bibi wa wajukuu tisa akapongezwa kama mtoto wa chekechea.

"Sasa lete uthibitisho kwamba umeukana uraia wa kwanza."

Akaiandikia barua nchi ile alikozaliwa. Jibu lilichukua miezi minane: hawamjui, hayumo kwenye daftari lolote. Yaani ili asiwe wa kule, sharti kwanza awe wa kule, na wenyewe wa kule hawamtaki.

Siku hiyo hakwenda shamba. Mama yake alikufa akitaja kwetu, kwetu. Leo kwetu kumeandika, na muhuri juu, hatukujui. Akalia.

Hhando alipoisoma barua akacheka. "Shikamoo mama! Usiitupe hii. Asiye na uraia atakana nini?"

Wakaipeleka. Wakubwa wakatafakari miezi kumi na minne zaidi, maana kumpokea bibi kizee kwa pupa ni hatari kwa taifa. Hatimaye Bernadina akala kiapo, mkono juu.

Afisa yule kijana akampa cheti, uso umejaa ukarimu. "Karibu Tanzania, mama."

"Asante, mwanangu," akajibu Bernadina. "Na wewe ulifika mwaka gani?"